MBUZI WA KIJIJI HANA MUNGANGA

Wandugu watumikaji wa migodi, na ninyi wandugu na wamama wa muji,

Wengine watashangaa kuona gazeti letu linasema habari za mbuzi. Watauliza: je, maneno ya mishahara yamekwisha? Maneno ya nyumba, ya maji, ya shule za watoto, yamekwisha? Hapana, hayajakwisha. Lakini tunaomba musome hata mwisho, sababu neno hili la mbuzi ni neno la mufuko wenu, la sahani yenu na la uzee wenu.

Nani kati yetu hana mbuzi kijijini? Mutu anafanya kazi Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi. Akibakiza feza kidogo ananunua mbuzi wawili, anawaacha kwa mama yake ao kwa kaka yake. Wale mbuzi ndio benki yake. Wakizaa, ndiyo faida yake. Siku mutoto anaingia shule, mbuzi mumoja anauzwa. Siku ya kilio, mbuzi mumoja anachinjwa. Na siku kampani inamwambia mutumikaji kwaheri, mbuzi ndio wanaomupokea nyumbani.

Basi siku moja simu inalia: mbuzi wamekufa. Si mumoja, si wawili. Walianza kwa homa na makamasi. Macho yakajaa usaha, vinywa vikaota vidonda, wakaharisha, wakakohoa, na katika siku chache zizi likabaki tupu. Watu wanasema ni uchawi. Jirani anamutazama jirani kwa jicho baya. Wandugu, hakuna uchawi hapo. Ule ni ugonjwa wenye jina: tauni ya mbuzi na kondoo. Wenye elimu wanaujua tangu zamani, na chanjo yake iko. Sindano moja inamulinda mbuzi miaka 3 ao zaidi, na bei yake ni ndogo sana kupita bei ya mbuzi mwenyewe. Mwaka 2012 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba katika Congo yetu mbuzi milioni 1 na kondoo 600,000 walikuwa katika hatari ya kufa kwa ugonjwa huo.

Tunauliza: kama ugonjwa unajulikana, na chanjo iko, na wenye mbuzi wako, juu ya nini mbuzi wanakufa? Tunajibu bila kuficha: wanakufa sababu katika inchi yetu munganga wa wanyama hakuwekwa hata siku moja kwa ajili ya mbuzi wa kijiji.

ALIWEKWA KWA AJILI YA NANI?

Turudi nyuma kidogo. Siku 1 mwezi wa 7, mwaka 1885, Bulamatari aliandika kwamba udongo usio na mwenyewe ni mali ya Serikali yake. Mahali pasipo nyumba na pasipo shamba palihesabiwa kuwa hapana mwenyewe. Na malisho ya kijiji je? Hakuna mutu anayejenga nyumba pale, sababu wanyama wanakula pale! Hivyo malisho ya babu zetu yaligeuka kuwa udongo mutupu katika vitabu vya wazungu. Katika Katanga, mwaka 1900, waliunda Comité Spécial du Katanga kwa kutawala udongo na kuugawa. Kule juu, kwenye nyanda za Biano, ambako mbung'o hawasumbui kama katika mabonde ya joto, makampuni yalipata malisho makubwa ya ng'ombe wao.

Ng'ombe wale walikuwa na munganga. Walikuwa na josho la dawa ya kupe. Walikuwa na chanjo na kitabu cha kuandika kila ndama aliyezaliwa. Juu ya nini? Sababu nyama yao ilikuwa ya kulisha miji ya migodi, na mutumikaji aliyeshiba anachimba shaba nyingi. Ndiyo ilikuwa hesabu yao. Wazee wetu waliopanga mustari wa posho wanaijua.

Na kijiji kilipewa nini? Kijiji kilipewa amri ya siku 28 mwezi wa 7, 1938. Angalieni jina la amri ile: polisi ya afya ya wanyama. Haikuitwa musaada, haikuitwa elimu, iliitwa polisi. Kufunga njia wakati wa ugonjwa ni jambo la akili, hatulikatai. Lakini polisi bila munganga ni fimbo tu. Na amri ile ilibaki mikononi mwa maofisa miaka mingi sana baada ya uhuru wa 1960.

Uhuru ulikuja. Je, munganga alitoka nje ya uzio wa ranchi? Mwaka 1973 zilikuja sheria mbili. Ya mwezi wa 7 ilisema udongo wote ni wa Serikali. Juu ya udongo wa vijiji iliahidi kwamba amri ya Rais itakuja kueleza haki za wenyeji. Wenyeji waliingojea amri hiyo makumi ya miaka. Kisha, siku 30 mwezi wa 11 mwaka uleule, mashamba na ranchi za wageni zilitolewa kwa wakubwa wapya. Wengi kati yao hawakujua kulisha hata kuku. Ng'ombe wa uzazi walichinjwa, majosho yakakauka. Jina la mwenye ranchi lilibadilika, lakini mbuzi wa kijiji walibaki palepale.

Halafu, katika miaka ya 1980, wenye kukopesha feza za dunia waliziambia serikali za Afrika: punguzeni watu wa kazi, dawa za wanyama ziachwe kwa wafanya biashara. Sawa. Munganga mwenye biashara yake anafungua duka wapi? Anafungua katika muji, karibu na mashamba makubwa ya kuku na mbwa wa matajiri. Hatumulaumu, naye ana watoto wa kulisha. Lakini kilometa 100 kutoka lami, mama mwenye mbuzi 6 hawezi kumulipia safari.

BARIERI NDIYO HOSPITALI?

Leo mufugaji wa kijiji anakutana wapi na ofisa wa wanyama? Anakutana naye barieri. Sisi wenyewe tumesimama katika njia hizo na tumeona kwa macho yetu. Mama anashuka juu ya lori na mbuzi watatu waliofungwa miguu. Anaulizwa cheti cha afya. Hana. Analipa. Anapewa karatasi yenye muhuri inayosema mbuzi hawa ni wazima. Nani aliwapima? Hakuna. Hakuna aliyewafungua mudomo, hakuna aliyetazama macho yao. Muhuri uliwapima.

Mbuzi wale wanaingia soko. Ninyi wamama wa Katuba na Kamalondo munanunua nyama. Munalipa bei kali, sababu ndani yake kuna barieri zote za njia, lakini hamukununua afya hata kidogo.

Na musidhani ugonjwa wa wanyama unabaki kwa wanyama. Kimeta kinaua ng'ombe, mbuzi na nyama wa pori, na kinamushika mutu anayechuna ngozi ao kula nyama ya munyama aliyekufa nacho. Mwezi wa 4 mwaka 2025, katika hifadhi ya Virunga, viboko wapata 50 walikutwa wamekufa kwa kimeta kule muto Ishasha. Mutu mwenye njaa akiona munyama amekufa hatupi nyama, anaikausha na kuiuza. Kama hakuna mutu aliyefundishwa kijijini wa kusema "hii musile, choma ao zika", habari itafika muji ndani ya kikapu. Munganga wa mbuzi ni mulinzi wa watu pia.

WANAYOSEMA, NA TUNAYOJIBU

Wakubwa wana maneno matatu ya kutunyamazisha. Tuyapime moja moja.

Neno la kwanza wanasema: malisho ya watu wote hayana mwenyewe. Heri kila mutu apewe kipande chake, afunge uzio, ajilipie munganga.

Tunajibu: malisho ya kijiji yana mwenyewe, naye ni kijiji. Wazee wanajua nani analisha wapi, kijito gani kinafungwa wakati wa jua, na mugeni anaomba ruhusa kwa nani. Tena musahau kidogo udongo, mufikiri ugonjwa. Mbuzi wa kijiji wanakula pamoja, wanakunywa pamoja, na wanaambukizana pamoja. Kama mutu mumoja anachanja mbuzi wake 4, na wale 60 wa majirani hawachanjwi, tauni haiondoki. Inabaki katika kundi na kungoja watoto watakaozaliwa. Ili kuikata, sharti walio wengi katika kundi lote wachanjwe kwa wakati mumoja. Basi chanjo ni kama barabara: hakuna mutu anayejenga kipande cha barabara mbele ya mulango wake peke yake na kusema nimefika Likasi. Ambako malisho ni ya wote, munganga sharti awe wa wote. Na uzio si dawa, maana kupe hajui kusoma kibao cha mwenye shamba.

Angalieni ndugu zetu wa Zimbabwe. Wakati wa utawala wa wazungu, wenyeji walilazimishwa kuogesha ng'ombe katika majosho na kulipa kodi juu yake. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, kupe waliuawa. Lakini ilikuja na amri na faini, watu wakaichukia kama walivyochukia utawala. Vita vya uhuru vya miaka ya 1970 vilipowaka, majosho yalisimama, na ng'ombe wapata milioni 1 walikufa, wengi wao katika udongo wa jumuiya. Tunasoma mambo mawili hapo. Kazi ya munganga ikisimama, wanyama wanakufa. Na kazi isiyo ya watu wenyewe haisimami siku ya taabu.

Neno la pili wanasema: mutu wa kijiji hawezi kushika sindano. Hiyo ni kazi ya wenye diploma.

Tunajibu kwa habari ambayo kila mutoto wa Afrika angepaswa kuijua. Kulikuwa tauni ya ng'ombe, iliyoitwa sotoka. Iliingia pembe ya Afrika katika miaka ya 1880, ikashuka hata kusini ya bara katika miaka ya 1890, na kila mahali ilipopita ng'ombe wengi kabisa walikufa, na njaa ikafuata. Karibu na 1960, kule Muguga katika Kenya, munganga Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri. Lakini chanjo ile ilitaka barafu, na barafu inataka gari, na gari linataka barabara. Hivyo sotoka ilijificha kwa wafugaji wa mbali, mahali pasipo barabara na penye vita.

Waliifukuza namna gani? Wenye elimu walitengeneza chanjo inayoweza kukaa siku 30 bila barafu. Kisha wakafanya jambo ambalo wakubwa wengi walilikataa: waliwapa wafugaji wenyewe. Katika Karamoja ya Uganda, katika Afar ya Etiopia, katika Sudani ya kusini, jumuiya zilichagua watu wao, watu hao wakafundishwa, wakatembea kwa miguu na chanjo ndani ya mukoba. Kule Sudani ya kusini, katikati ya vita, ng'ombe zaidi ya milioni 1 walichanjwa katika mwaka 1993 peke yake. Sotoka ya mwisho ilionekana Kenya mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia yote ilitangaza kwamba sotoka imekwisha. Baada ya ndui ya watu, huo ni ugonjwa wa pili tu ambao binadamu ameufuta duniani.

Ni nani aliyeumaliza? Mwenye diploma peke yake hakuumaliza. Muchungaji peke yake hakuumaliza. Waliumaliza pamoja, mumoja na elimu yake, mwengine na miguu yake na heshima aliyo nayo kwa watu wake. Tangu 2015 mashirika ya dunia yanasema yanataka kufuta tauni ya mbuzi namna hiyohiyo, na walijiwekea mwaka 2030. Je, Congo itakuwa mahali pa mwisho pa kujificha tauni, kama tulivyoachwa mwisho katika mambo mengine?

Na msomi naye yuko. Hapa Lubumbashi kwetu, katika chuo kikuu, kuna shule kubwa ya unganga wa wanyama. Vijana wanasoma miaka mingi, wazazi wanauza mbuzi ili kuwalipia. Kisha kijana anatoka na diploma, na wengi tunawaona wakiuza vocha za simu. Mbuzi wagonjwa wako, munganga bila kazi yuko. Kati yao kumekosekana nini? Imekosekana amri, pikipiki na mushahara.

Neno la tatu wanasema: hakuna feza.

Hapa, wandugu wa migodi, neno linageuka kuwa lenu kabisa. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 iligawa ule murabaha wa madini, wanaouita redevansi, hivi: 50 kwa mia kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa muji, komini, sekta ao sheferi ya mahali penye mugodi, na 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Sheria hiyohiyo ilisema kampani itoe, kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka, si chini ya franka 3 katika kila franka 1,000 za mauzo yake. Na katika mwaka uleule murabaha wa kobalti ulipandishwa hata 10 kwa mia. Feza hizo zimechimbwa na mikono yenu. Mutu asituambie kwamba inchi inayotoa kobalti nyingi kupita zote duniani inashindwa kununua friji, chanjo na baisikeli kwa ajili ya mbuzi.

Zaidi: mugodi unapopanuka unakula malisho ya nani? Unakula malisho ya kijiji. Basi si sadaka kijiji kupewa munganga. Ni deni.

TUNATAKA NINI?

Hatupendi kulia tu. Tunasema wazi mambo matano.

1. Kila kijiji ao kundi la vijiji lichague mutu wake, mwanaume ao mwanamke, wa kufundishwa kuchanja, kutibu minyoo na kupe, na kutoa habari ya ugonjwa mara moja. Achaguliwe na wenye wanyama katika mukutano, asichaguliwe kwa kuwa ni shemeji ya mukubwa. Wamama ndio wanaoamuka usiku kumuzalisha mbuzi, wasisahauliwe.

2. Juu yake awekwe munganga mwenye diploma katika kila sekta, mwenye pikipiki na friji, wa kumusimamia na kumuletea chanjo. Mutu wa kijiji bila munganga nyuma yake atapotea, na munganga bila mutu wa kijiji mbele yake hatafika.

3. Chanjo ya tauni ilipwe na mufuko wa wote, sababu inawalinda wote. Dawa ya mbuzi wa mutu mumoja, mwenyewe ailipe kwa bei iliyoandikwa ukutani.

4. Sehemu inayojulikana ya feza za migodi ziendazo kwa sekta na vijiji iandikwe kwa kazi hii, na hesabu yake isomwe mbele ya watu kila mwaka.

5. Karatasi ya afya itolewe pale mbuzi anapopimwa, si pale mwenye mbuzi anapopokonywa.

Na tusiwacheke wakubwa tu, sisi wenyewe tuna makosa. Tunatuma feza ya kununua mbuzi, lakini hatutumi franka za dawa ya minyoo. Tunanunua dawa kwenye meza ya soko bila kujua ni dawa ao ni unga, tunaipeleka kijijini kama zawadi. Tena tunajua miradi iliyopita, iliyofundisha watu siku chache, ikawapa mukoba, ikapiga picha, ikaenda. Mukoba ulipokwisha, mutu alirudi kulima mihogo, na haki yake, maana hakuna anayetembea vijiji 5 kwa miguu bila malipo. Hatutaki tena munganga wa picha. Tunataka kazi inayodumu, na kazi inayodumu ina mushahara.

Wandugu, kuna wenye kusema: tungojeeni, mambo makubwa kwanza, mbuzi baadaye. Lakini mwenye shibe hamujui mwenye njaa. Kwa mama yako kijijini, mbuzi 6 ndilo jambo kubwa. Wakifa, atakupigia simu wewe, na mushahara wako utalipa yale ambayo mbuzi wangelipa. Hivyo tauni ya mbuzi inakata mushahara wa muchimbaji, ijapokuwa haiandikwi katika karatasi ya malipo.

Basi mukikutana na mwenye kuomba kura, katika kambi ao katika komini, musimuulize tu habari ya lami na taa. Mumuulize neno moja fupi, mungojee jibu lake, wala musikubali wimbo kuwa jibu: munganga wa mbuzi wetu yuko wapi, na feza zake zimeandikwa katika ukurasa gani?

Anayeweza kujibu, tumusikilize. Asiyeweza, arudi kwanza kusoma hesabu.